Cherehani Anatafuta Sauti

Walimwita Cherehani kwa sababu ya mguu wake wa kulia. Akikaa tu, mguu ule ulianza kupiga sakafu, tiki tiki tiki, utadhani ni wa fundi nguo anayedaiwa sare za shule nzima. Mwenyewe hakuwahi kutunga uzi kwenye sindano maisha yake yote. Kifungo kikimtoka kwenye blauzi, alibana pini na kuendelea na safari zake.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kiguu na njia tangu utotoni. Aliwahi kukatisha tiketi za basi, akapokea wageni hotelini, akafunga maboksi kwenye ghala la viatu, na kila kazi aliiacha kabla haijamzoea. Nyumbani alihamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule, wiki ikipita akalirudisha. Mumewe, fundi wa majokofu, mtu wa taratibu ambaye akisema anakuja huwa kweli anakuja ila usimuulize lini, alijifunza kuingia chumbani gizani akiwa ametanguliza mikono.

Kazi iliyomweza ilikuwa ya vioo. Kwenye karakana ile walikata vioo vya madirisha, vya meza na vya kujitazamia, na kioo hakimvumilii mtu wa papara. Unaweka rula, unashusha kikata chako, unavuta mstari mmoja kwa mkono usiotetemeka, na huurudii. Ukiurudia, kioo kinapasuka kinakotaka chenyewe. Cherehani alipokuwa akivuta mstari ule, mwili wake wote ulitulia mpaka kwenye unyayo. Mstari ukiisha, mguu ulianza tena.

Siku moja alitumwa kubadilisha kioo cha dirisha nyuma ya duka la fundi kufuli. Alikuta chumba kilichopigiliwa trei za mayai kuta nzima ili kupunguza kelele, na ndani yake watu watatu: fundi kufuli mwenyewe na gitaa la umeme, mwokaji mikate nyuma ya madramu, na kijana mmoja mkimya aliyekumbatia gitaa la besi. Muziki wao ulikuwa roki, ule wa gitaa linalonguruma na ngoma zinazokugonga kifuani. Mwimbaji wao alikuwa amehamia mji mwingine, nao walikuwa wakipiga tu bila maneno, kama gari lenye injini lisilo na usukani.

Cherehani alisimama mlangoni na kioo chake mkononi. Roki alikuwa akiisikia redioni kama watu wote wanavyosikia mambo ya watu wengine. Kuisimamia mita mbili kutoka kwenye spika ni habari nyingine. Kitu fulani kilichokuwa kikimkimbiza miaka yote, kikimtoa kazi hii na kumpeleka ile, kilikuwa pale chumbani, nje ya mwili wake, kinapiga kelele. Alikiweka kioo ukutani taratibu.

"Mbona hamna anayeimba?" aliuliza.

"Hayupo," alisema fundi kufuli. "Unaweza?"

"Sijui."

Kipaza sauti kilikuwa palepale. Hakujua maneno, akaimba la la la na kuzipandisha hizo la la la mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mwokaji aliacha kupiga, akacheka kwa furaha hadi akashika tumbo. "Huyu mama ni moto wa kuotea mbali," alisema. "Tumempata."

Kioo cha dirisha alikifunga kesho yake.

*

Miezi ya mwanzo alikuwa akiimba kwa koo tupu. Hakujua kuna njia nyingine. Wimbo ukipanda, naye alipanda kwa nguvu zilezile ambazo mtu hutumia kumwita dereva aliyemsahau kituoni. Walitunga nyimbo zao wenyewe, na ule uliopendwa kuliko zote uliitwa "Sikai". Maneno yake yalitoka kwake, bila kufikiri sana:

*Usinivutie kiti, sikai,*
*nyumba imenibana mabega, sikai!*

Kila mazoezi yakiisha alitoka na sauti ya kukwaruza, naye aliionea fahari, akidhani ndiyo alama ya roki. Asubuhi aliongea kama debe linaloburutwa. Karakanani wakamuuliza kama ana mafua. Yeye akacheka, kicheko nacho hakikutoka vizuri.

Ndipo wakaalikwa kupiga kwenye ufunguzi wa duka la rangi za nyumba. Ilikuwa mchana, watu wamejaa barabarani, makopo ya rangi yamepangwa kama piramidi. Wimbo wa kwanza ulikwenda. Katikati ya "Sikai", pale penye kupanda, Cherehani alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Si sauti mbaya, la. Hewa tu. Alijaribu tena, ukatoka mlio mwembamba kama wa bawaba isiyotiwa mafuta. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mpeni maji huyo!" na umati ukaangua kicheko. Fundi kufuli aliziba pengo kwa gitaa mpaka wimbo ukafika mwisho wake, lakini kila mtu alikuwa ameshaona.

Wakati wa kukusanya nyaya, fundi kufuli alimvuta pembeni.

"Shemeji," alimwambia, maana yeye na mumewe walifahamiana tangu zamani, "mwisho wa likizo za shule tuna onyesho kwenye ukumbi wa shule ya sekondari. Siwezi kwenda na mwimbaji wa wimbo mmoja na nusu. Kuna kijana anaimba hotelini, nitamwita tumsikilize. Sisemi kwamba nakufukuza."

Cherehani alitaka kumjibu. Sauti haikuwepo ya kumjibu nayo.

Daktari wa koo alimulika kinywani kwa muda mrefu, kisha akamwambia nyuzi zake za sauti zimevimba, nyekundu kama jicho lililoingiwa na mchanga. Dawa yake kubwa ilikuwa moja: anyamaze. Asinong'one pia, maana kunong'ona kunachosha koo vilevile. Kama kinga, maji mengi. Na kuanzia sasa aache kupigiana kelele na watu wa ng'ambo ya barabara.

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa likizo. Kwa Cherehani ilikuwa kifungo. Mumewe, ambaye siku hiyo alirudi na kukuta mke hasemi, alidhani amenuniwa. Alijichunguza kosa, akaosha vyombo. Mke bado hasemi. Akafagia uwanja. Ilibidi Cherehani amwonyeshe cheti cha daktari, huku mabega yakimtingishika kwa kicheko kisicho na sauti, na mume akakaa kitini akasema, "Basi na uwanja ningeuacha."

Karakanani aliandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye vipande vya vioo: *Nipe rula. Hicho kifupi. Nani amechukua glavu zangu?* Kisha akavifuta kwa kitambaa. Hasira hazikuwa na pa kutokea, zikashuka miguuni. Alitembea kwenda kazini badala ya kupanda basi, akatembea kurudi, na akifika nyumbani alizunguka meza.

Nyumbani kwao wakati huo alikuwapo wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja kupumzika kwa kaka yake baada ya kujifungua. Wifi alikuwa na ulimi usio na breki, na mtoto wake alikuwa na koo lisilo na breki. Kale katoto kalilia asubuhi, kakalia mchana, kakapumzika kunyonya, kakaendelea. Siku moja Cherehani alikuwa amekabeba, anazunguka nako sebuleni, kakilia karibu kabisa na sikio lake, ndipo lilipomjia swali: mbona haka hakakauki sauti?

Alikalaza kitandani, akakafungua kishati, akainama kukatazama. Shingo ilikuwa laini, imelegea. Mabega hayakupanda. Kilichokuwa kikifanya kazi ni tumbo. Liliumuka kama unga uliotiwa hamira, likashuka, na sauti ikatoka imejaa, ikavuka ukuta, ikafika kwa jirani.

Wifi alimkuta ameinama hivyo, anamtazama mtoto anayelia bila kumbembeleza.

"Wifi, vipi? Mtoto analia na wewe unamwangalia kama televisheni!"

Cherehani alichukua kalamu, akaandika nyuma ya gazeti: *Anaimba vizuri.*

"Kuliko wewe, ndiyo," alisema wifi, akamchukua mwanawe.

*

Daktari alipomruhusu, alianza upya, peke yake, maana mwalimu wa roki hakuwepo na kama angekuwepo asingejua pa kumtafuta. Alikuwa na vitu vitatu: sakafu ya sebule, simu ya mkononi na vioo vya karakana.

Sakafuni alilala chali na mfuko wa mchele juu ya tumbo, akavuta pumzi mpaka mfuko ukainuka, akaitoa polepole huku akisema *sss* kama tairi linalotoboka. Mwanzoni pumzi ilikwisha upesi kwa sababu aliitoa yote kwa pupa, kama anavyofanya mambo yake yote. Mumewe aliporudi na kumkuta chini na mchele tumboni, alimruka kwa heshima na kwenda kuoga.

Kwenye simu alijirekodi. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kichwani mwake alikuwa simba. Kwenye simu alikuwa mtu anayegombana na konda. Alifuta, akarekodi tena, akafuta. Mara mbili alitupa simu kwenye kochi na kuapa kwamba basi, amekoma, anarudi kukata vioo kama binadamu wengine. Aliondoka akazunguka mitaa miwili, mitatu, akarudi na kuiokota.

Vioo ndivyo vilivyomsema wazi. Wakati wa mapumziko, wenzake wakiwa wamekwenda kula, alisimama mbele ya vioo vikubwa vya kujitazamia vilivyoegemezwa ukutani vikisubiri wenyewe, akaimba huku akijiona mbele na ubavuni kwa wakati mmoja. Aliona kwamba kila sauti ikipanda, kidevu nacho kinapanda, mabega yanafuata, na koo linabanwa kama shingo ya mfuko. Akashika kidevu kwa mkono. Akaimba tena. Noti ya juu ikatoka ndogo, lakini bila maumivu. Alistaajabu. Akaimba tena na tena, mdomo wazi, taya limelegea, mpaka bosi akarudi na kumuuliza kama amemeza nzi.

Ilikuwa kazi ya kuchosha kwa sababu ilitaka upole, na upole hakuwa nao. Ilimbidi aanze na kuguna kwa midomo iliyofumbwa, chini kabisa, wakati damu yake yote ikitaka kukimbilia pale penye kupanda. Wifi alikuwa msikilizaji wake, kwa hiari au bila hiari.

"Leo?" Cherehani alimuuliza.

"Leo unafanana na mtu anayejua kuimba ila amekatazwa."

"Na jana?"

"Jana ulifanana na mlango."

Aliporudi kwenye chumba cha trei za mayai, yule kijana wa hotelini alikuwapo, amekaa juu ya spika, nadhifu, sauti yake laini kama mafuta ya nywele. Cherehani alimsalimia kwa baridi. Akamwomba fundi kufuli ashushe wimbo kidogo, hatua moja tu, ili pale pa kupanda asipafikie kwa kukaba koo. Fundi kufuli hakupenda, alisema gitaa lake linapenda palepale lilipo, lakini alishusha. Cherehani akaimba "Sikai" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakukosea noti. Hakukwaruza. Pumzi ilitosha.

Alipomaliza, fundi kufuli alishusha gitaa lake.

"Umeimba safi," alisema fundi kufuli.

"Safi mno," alisema mwokaji, akizungusha kijiti kimoja vidoleni. "Nisamehe, dada yangu. Lakini umeimba 'nyumba imenibana mabega' kama unasoma ratiba ya treni."

Kijana wa hotelini alitazama viatu vyake. Cherehani alisikia uso unamshuka. Alichukua mkoba wake akatoka, na safari hii alitembea mpaka taa za barabarani zikawaka, amemkasirikia mwokaji, na mtoto wa wifi, na mfuko wa mchele. Zamani alikuwa na moto bila sauti. Sasa wamempa sauti wakamnyang'anya moto. Kuna faida gani?

"Mwokaji kasema kweli?" mumewe alimuuliza nyumbani, alipokwisha kusimuliwa.

"Kasema kweli. Ndiyo maana nataka kumnyonga."

Mume alifikiri, kwa kasi yake. "Mimi nimekaa na wewe miaka yote hii," alisema mwishowe. "Kelele zako sijawahi kuziona kama ugonjwa."

Cherehani hakujua kama neno hilo ni la kumfariji au la kumwongezea mzigo, akahamisha kabati.

*

Kilichomfungua kilitokea kazini. Walikuwa wakishusha kioo kikubwa cha duka kutoka kwenye lori, kirefu kuliko mtu na kipana kama mlango wa gereji, yeye upande mmoja na fundi mwenzake upande wa pili, wamevaa glavu, wanatembea ubavu ubavu kuvuka njia ya waendao kwa miguu. Muuza vitambaa mmoja, mabega yamejaa bidhaa, macho kwenye simu, alikuwa akija moja kwa moja kwenye kioo ambacho hakukiona, maana kilikuwa kimesafishwa kikasafika. Fundi mwenzake alikuwa amempa mgongo. Cherehani mikono yake yote ilikuwa imeshika.

"Simama!"

Sauti ilitoka chini kabisa, chini ya mkanda wa suruali. Ilikuwa nene, ina makali pembeni kama msumeno, na ilijaza mtaa. Muuza vitambaa aliganda. Fundi mwenzake aliganda. Mwendesha baiskeli ng'ambo ya barabara aliteremsha mguu. Hata dereva wa lori alizima injini. Kioo kilisimama wima kati yao, salama, na muuza vitambaa akaiona sura yake mwenyewe imekodoa macho karibu na pua.

"Pole, mama," alisema, akarudi nyuma kinyumenyume.

Walipokiegemeza kioo ndani, fundi mwenzake alikuwa bado anahema. Cherehani yeye alishika koo lake. Haliumi. Alimeza mate. Haliumi hata kidogo. Angepiga ukelele kama ule zamani, angekohoa mpaka jioni. Na ule haukuwa usomaji wa ratiba ya treni.

"Hebu rudi nyuma," alimwambia mwenzake.

"Kwa nini?"

"Rudi tu. Fanya kama unataka kugongwa."

Alishinda siku hiyo akiitafuta ile sauti. Ilikuja, ikapotea, ikaja nusu. Aliona kwamba akiidai kwa koo inakimbia. Akiwaza mtu aliye mbali ambaye lazima asikie sasa hivi, tumbo linajikaza lenyewe, koo linabaki wazi, na ule mkwaruzo unapanda juu ya pumzi kama povu juu ya maji. Mkwaruzo mdogo tu. Ukiuongeza, unauma. Ukiuacha ulivyo, unakata. Bosi alimvumilia hadi saa za kufunga, kisha akasema, "Watu wa mtaani wanadhani napiga wafanyakazi."

Katika mazoezi yaliyofuata aliimba "Sikai" tena. Hakumtazama mwokaji. Alitazama ukuta na kumwimbia mtu aliye ng'ambo yake. Walipofika kwenye kupanda, madramu yalikatika ghafla, na Cherehani alidhani ameharibu. Mwokaji alikuwa ameangusha kijiti.

"Tuanze upya," alisema mwokaji, akainama kukitafuta. "Sikuwa tayari."

Fundi kufuli akamgeukia kijana wa hotelini na kuanza kutafuta maneno ya kumwambia. Kijana alimwokoa. "Mimi hapo siwezi kufika," alisema. "Ila naweza kumwimbia chini yake, sauti ya pili." Wakajaribu. Ile sauti ya mafuta, chini ya ile ya msumeno, ilitia fora, na Cherehani alimpa mkono bila baridi.

Onyesho lilikuwa Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa wanafunzi, wazazi, na watu waliopita wakasikia kelele. Mume alikaa safu ya mbele, wifi pembeni yake, mtoto kazibwa masikio kwa pamba na kitambaa. Cherehani alikuwa roho juu. Wimbo wa kwanza aliuimba kwa woga, pumzi juu juu, mabega yakapanda, akayashusha. Wa pili, noti moja ilimvunjika waziwazi, mbele ya watu wote. Alisubiri kicheko. Walikuwepo waliocheka. Alivuta pumzi kutoka chini, akaingia mstari uliofuata kama vile hakuna kilichotokea, na wale waliocheka wakajikuta wanapiga makofi kufuata ngoma.

"Sikai" ilipoanza, wanafunzi walikuwa bado wamekaa. Kufika kiitikio cha pili hakukuwa na kiti kilichokaliwa ila cha mumewe, na yeye naye alinyanyuka mwishoni, kwa kasi yake, watu wa nyuma wakiwa wameshaanza kukaa. Wifi alilia na kusema ni vumbi. Mtoto alilala muda wote.

Walipotoka, kila mtu alimshika mkono. Mwalimu mmoja alimuuliza amesomea wapi muziki. Cherehani akafikiri afupishe vipi, akasema, "Nyumbani." Kisha akamfuata fundi kufuli aliyekuwa akifunga spika kwenye gari.

"Ile noti iliyovunjika," alimwambia. "Nilichelewa kuvuta pumzi. Na ule wimbo mwingine, ule tulioogopa kwa sababu unapanda zaidi, tunauanza lini?"

"Shemeji, pumzika kwanza. Tumemaliza sasa hivi."

"Jumatatu?"

"Jumatatu nina kufuli za benki nzima."

"Jumanne basi."

Fundi kufuli alimtazama mumewe kumwomba msaada. Mume aliinua mabega, akafungua mlango wa gari. Cherehani aliingia, akateremsha kioo cha dirisha, na kabla gari halijatoka getini alikuwa ameanza kuguna, midomo imefumbwa, chini kabisa, mwanzo wa ule wimbo mwingine.